Mdogo wangu ana lupasi, shangazi anamletea dawa ya kuongeza kinga

Shikamoo Daktari, na wenzako mnaojibu barua hizi.

Naandika kwa niaba ya mdogo wangu. Tupo Morogoro. Ana miaka 27, ameolewa, ana mtoto mmoja, na mimba mbili zilizofuata zimetoka, moja ikiwa na wiki 11, nyingine miezi mitano. Mwaka jana vidole vilianza kumuuma kila akiamka, hata kufungua chupa ya maji akawa hawezi. Nywele zikanyonyoka juu ya paji la uso. Mashavuni akatoka weusi, sote tukadhani ni krimu. Jioni homa. Kwenye zahanati alitibiwa malaria mara nne na UTI mara tatu. Miguu ilipovimba ndipo tukampeleka hospitali ya rufaa, wakasema ni lupasi na imeshagusa figo. Ana kilo 52. Akaandikiwa prednisoloni ya miligramu 5, vidonge sita kila asubuhi, na haidroksiklorokwini ya miligramu 200, kidonge kimoja kwa siku.

Alizitumia wiki saba. Maumivu yalipungua kweli, lakini uso ukaumuka, akaota chunusi, majirani wakaanza maneno. Shangazi yetu aliposikia ni ugonjwa wa kinga, akaja na chupa mbili za dawa ya mitishamba ya kuongeza kinga, akasema za hospitali ndizo zinazoimaliza. Mdogo wangu akaacha za hospitali zote. Leo siku ya tano. Hana nguvu, anatapika, akisimama anaona giza. Shangazi anasema ni sumu inatoka.

Kuna na jambo la aibu. Kwenye ile mimba ya mwisho kliniki walimpima VDRL ikaonyesha kaswende. Mume wake akapimwa, hana. Tangu siku hiyo nyumba ile haina amani.

Na mama yetu ana goita ya kukimbiza moyo, binamu yetu ana mabaka meupe mikononi. Watu wanasema ukoo wetu umefungwa. Wengine wanasema mdogo wangu ana ukimwi, na amepima mara mbili hana. Kama kinga yake imeshuka, mbona hospitali wanampa dawa za kuishusha zaidi? Atazaa tena? Na mimi je, nitaupata?

Dada Mkubwa, Morogoro

*

Marahaba, dada.

Tulikujibu siku ileile kwa ujumbe wa simu. Tunarudia hapa kwa sababu kuna wasomaji wengine ambao mgonjwa wao yuko hivyo leo. Kutapika, kuishiwa nguvu na kuona giza baada ya kukatisha prednisoloni ghafla si sumu inayotoka. Ni dharura. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza homoni ya kortisoli, inayoshikilia presha na sukari ya damu. Ukimeza prednisoloni kwa zaidi ya wiki tatu, tezi hizo huona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Ukiacha kwa siku moja haziamki kwa siku moja, zinaweza kuchukua miezi. Katikati hapo presha inaporomoka na mtu anaweza kufa. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na mapokezi waambiwe maneno haya bila kupunguza: alikuwa anatumia prednisoloni miligramu 30 kwa siku, wiki saba, ameacha siku tano, anatapika. Atachomwa haidrokotisoni, kwa mtu mzima huanza na miligramu 100, na kuwekewa dripu ya maji ya chumvi. Baada ya hapo dawa inarudi, na itakuja kupunguzwa na daktari hatua kwa hatua. Siku za mbele akitapika kidonge ndani ya nusu saa tangu akimeze, akirudie. Akikitapika tena, hiyo ni safari ya sindano, msingoje asubuhi.

Sasa tuje kwenye neno lililowapoteza, yaani kinga. Kwa miaka mingi matangazo ya ukimwi yametufundisha kwamba ugonjwa wa kinga ni kinga kushuka. Kwa hiyo shangazi aliposikia neno hilo alifanya ambacho mtu yeyote mwenye upendo angefanya, alitafuta cha kuipandisha. Lakini kwenye lupasi kinga haijashuka. Iko kazini usiku na mchana, ila imekosea adui.

Kila siku seli za mwili hufa na nyingine huzaliwa. Mabaki ya zilizokufa, pamoja na vile viini vyake vya ndani, kwa kawaida huzolewa upesi. Kwa mwenye lupasi yanachelewa kuzolewa, kinga inayaona, inayachukulia kama mgeni na kutengeneza kingamwili, yaani silaha zake zinazoelea kwenye damu, dhidi yake. Kingamwili hizo zikishikana na mabaki hayo hutengeneza vifurushi vidogo vinavyosafiri na damu na kukwama popote palipo na mishipa myembamba: kwenye ngozi, kwenye maungio, kwenye ngozi laini inayozunguka mapafu na moyo, na kwenye figo. Vilipokwama vinawasha moto. Ndiyo maana mgonjwa mmoja analalamikia vidole, nywele, kifua na miguu kwa wakati mmoja, na zahanati inatibu kila lalamiko kama ugonjwa wake.

Tazama figo kwa karibu, maana kwa mdogo wako ndiko kwenye hatari kubwa. Kila figo ina vichujio kama milioni moja. Kichujio kizima hupitisha maji na taka, hubakiza protini. Vifurushi vikikitoboa, protini inatoroka na mkojo, na hapo mkojo hutoa povu jingi lisilokatika upesi. Protini ikipungua kwenye damu, maji hayakai tena ndani ya mishipa, yanatoka na kujaa miguuni na kwenye kope asubuhi. Damu na seli nyeupe nazo huvuja kidogo, na kijiti cha kupimia mkojo kikizionyesha ni rahisi kuandika UTI. Msichana anayetibiwa UTI mara tatu bila kuwa na maumivu ya kukojoa, na bila mkojo wake kuoteshwa maabara, anastahili kupimwa figo. Figo haiumi wakati inaharibika. Kujisikia nafuu hakutoshi kusema imepona.

Na weusi ule wa mashavuni: vitabu vingi huuita wekundu, kwa sababu viliandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu huja kama weusi au zambarau iliyokolea, unapita mashavu yote mawili na kuvuka juu ya pua, lakini huiruka ile mikunjo inayoshuka kutoka kando ya pua hadi pembe za mdomo. Mwangalie dirishani mchana. Mikunjo ikiwa safi na pembeni kumeungua, fikiria lupasi kabla ya krimu. Aangaliwe pia kaakaa la juu ya mdomo, maana vidonda vya lupasi hapo mara nyingi haviumi na mgonjwa hajui kama anavyo.

Hivyo basi dawa za hospitali zinaipoza kinga iliyopotoka ili iache kuchoma figo. Prednisoloni ndiyo ya haraka na ndiyo yenye gharama. Huhamisha mafuta usoni na tumboni, huleta njaa, hupandisha sukari na presha, hulegeza mifupa. Uso hurudi kadiri dozi inavyoshuka, na lengo la madaktari ni kufika miligramu 5 kwa siku au chini ya hapo. Azimeze zote asubuhi baada ya kula, zikimezwa jioni zinamnyima usingizi. Na muulize jambo moja ambalo husahaulika: je, alipewa dawa ya minyoo ya strongailoidi? Minyoo hiyo huingia kwa nyayo za mtu anayetembea peku, inaweza kukaa tumboni miaka bila kelele, na kinga ikipozwa kwa prednisoloni inasambaa mwili mzima. Ivermektini huimaliza. Kikohozi cha wiki mbili nacho kipimwe TB.

Haidroksiklorokwini wengi huidharau kwa kuwa ni kidonge kimoja tu, nasi tunaiona ndiyo nguzo. Ni ndugu wa klorokwini, ile ya malaria iliyokuwa dawa ya kwanza Tanzania hadi 2001, na kila aliyekua enzi zile anaukumbuka muwasho wake. Hii nayo inaweza kuwasha kidogo, lakini si sababu ya kuitupa. Inapunguza lupasi kulipuka upya, inalinda figo, na mjamzito anaitumia. Dozi haizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kilo 52 ni 260, kwa hiyo kidonge chake kimoja cha 200 kiko ndani ya mpaka. Mpaka huo upo kwa ajili ya macho, maana ikizidi kwa miaka huharibu sehemu ya nyuma ya jicho. Apimwe macho mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano, au mapema zaidi kwa kuwa figo zake zina shida. Aimeze na chakula. Kazi yake huonekana baada ya miezi mitatu hadi sita, msiihukumu kwa wiki saba. Asiitegemee imkinge na malaria, neti iendelee. Akikutwa na malaria amwambie tabibu anatumia nini, kwa sababu ALu nayo hugusa umeme wa moyo kama ilivyo hii.

Kuna swali tungependa mwende nalo kliniki, kwa adabu lakini bila kuliacha. Lupasi ikishaingia kwenye figo, dawa hizo mbili peke yake kwa kawaida hazitoshi. Huongezwa ya tatu, mara nyingi maikofenoleti au saiklofosfamaidi. Kabla ya hapo hupimwa kiasi cha protini kwenye mkojo, na kikivuka nusu gramu kwa siku daktari bingwa wa figo hufikiria kuchukua kinyama kidogo cha figo kwa sindano, kuona ni aina gani ya uharibifu. Muulizeni: amepimwa kiasi gani, na je, anahitaji kinyama kuchukuliwa? Hospitali ya taifa ya Muhimbili, na za kanda kama KCMC na Bugando, ndiko rufaa za namna hii huelekezwa.

Kuna dawa za dukani zinazomuumiza. Diklofenaki na ibuprofeni hubana damu inayoingia kwenye figo, aziache kabisa. Maumivu yakija ameze panadol. Septrini ina salfa, na wenye lupasi wengi hupata vipele au mlipuko wakiitumia, hivyo kila anapoandikiwa dawa ya UTI aseme mapema. Homa ya nyuzi 38 au zaidi asiipe jina mwenyewe. Apimwe siku hiyohiyo malaria na maambukizi mengine, kwa kuwa lupasi na maambukizi huanza kwa sura moja na matibabu yake yanapingana. Kuna kipimo cha damu kiitwacho CRP kinachosaidia kidogo hapo, lupasi ikilipuka peke yake mara nyingi hakipandi sana, maambukizi ya bakteria hukipandisha juu. Kwa dawa anazotumia, chanjo zenye kirusi hai kama ile ya homa ya manjano asichomwe mpaka daktari wake aseme.

Tuje kwenye kaswende, kwa kuwa hapa kuna ndoa inaumia bila sababu. VDRL haimtafuti mdudu wa kaswende mwenyewe. Inatafuta kingamwili zinazoshika aina ya mafuta iitwayo kadiolipini. Kaswende hutoa kingamwili hizo, lakini baadhi ya wenye lupasi nao huwa nazo bila kuwahi kuguswa na kaswende. Kipimo kinasema ndiyo, na ukweli ni hapana. Mpeleke mdogo wako apime TPHA, ambayo hutafuta kingamwili zinazomlenga mdudu wa kaswende mwenyewe. Ikitoka hasi, VDRL ile haikuwa ya kaswende. Tunashauri shemeji yako awepo majibu yanaposomwa, ayasikie kwa mtaalamu, kuliko kuletewa habari nyumbani na mke anayeshukiwa.

Na VDRL hiyo, ukiiweka pamoja na mimba mbili zilizotoka baada ya wiki 10, inatuonyesha kitu kingine. Kingamwili zilezile huweza kugandisha damu, na ikiganda kwenye kondo la nyuma mtoto anakosa chakula. Kuna vipimo vitatu vya damu kwa hali hiyo, na kikionekana chochote hurudiwa baada ya wiki 12 kuthibitisha. Ikithibitika, mimba ijayo hubebwa kwa aspirini ya dozi ndogo pamoja na sindano za heparini, na wanawake wengi waliopoteza mimba huishia kubeba mtoto. Hadi ijulikane, asitumie vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, vinaongeza kuganda. Sindano ya miezi mitatu nayo si nzuri kwake, maana prednisoloni imeshaigusa mifupa. Kitanzi kinamfaa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, hilo ni la hospitali usiku huohuo.

Kuzaa, ndiyo, inawezekana, ila si sasa. Lupasi itulie angalau miezi sita, protini kwenye mkojo iwe chini, presha iwe sawa. Akiwa amepewa maikofenoleti, huachwa si chini ya wiki sita kabla ya kutafuta mimba, kwa kuwa inaharibu kiumbe, na huwekwa azathioprini mahali pake. Haidroksiklorokwini inabaki. Aspirini ndogo huanza kwenye wiki ya 12 hivi kuzuia kifafa cha mimba. Apimwe pia aina moja ya kingamwili iitwayo Ro. Wachache wenye nayo, kama mmoja au wawili kati ya 100, hupata mtoto ambaye moyo wake unapiga polepole, ndiyo maana mapigo hufuatiliwa mapema.

Ukoo wenu haujafungwa. Mama yako na binamu yako, kwa maelezo uliyotoa, wanaelekea kuwa na kosa lilelile lililogonga mlango mwingine. Kwa mama, kingamwili hubonyeza tezi ya shingo kama kidole kwenye kengele isiyoachwa, homoni inamwagika, moyo unakimbia, mwili unakonda, mikono inatetemeka. Kwa binamu, kinga imeua seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Ikigonga kongosho na kuua seli za insulini, ni kisukari cha watoto, kile kinachohitaji sindano tangu siku ya kwanza. Ikigonga utando wa ndani ya maungio ni baridi yabisi, inayokaza vidole zaidi ya saa moja kila asubuhi na hatimaye kuvipinda, tofauti na magoti ya uzee yanayouma ukitembea. Hata moyo wa rumatiki, unaowaumiza watoto wetu wengi, huanza hivi: bakteria wa koo anafanana kidogo na nyama ya moyo, kinga iliyomfukuza inageukia vali. Mtoto anayeumwa koo akitibiwa kwa penisilini mapema anaepushwa.

Kinachorithiwa ni mwelekeo, ugonjwa wenyewe haurithiwi hivi hivi. Hata pacha wa kufanana, mmoja akiwa na lupasi, mara nyingi mwenzake hana. Wewe una nafasi kubwa kidogo kuliko jirani yako, lakini bado ni ndogo. Usikimbilie kupima ANA, kipimo cha damu cha kingamwili zinazoshika viini vya seli, ukiwa mzima: watu wazima wenye afya kama 5 kati ya 100 huonyesha ANA kwenye kiwango cha 1:160, yaani hata damu ikizimuliwa mara 160, na hawaumwi chochote. Pima ukiona vidole vimevimba kwa wiki sita, vipele vinavyochochewa na jua, vidonda mdomoni visivyoisha, au mkojo wa povu. Na haiambukizi. Mtoto wake aendelee kunywa naye kikombe kimoja.

Nyumbani kuna kazi, na tungependa kubwa apewe shangazi: chumvi. Gramu 5 kwa siku kwa vyakula vyote, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na mchemraba wa kuungia mchuzi unahesabiwa humo. Wewe nunua daftari. Kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya chai, andika uzito. Ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu ni maji hayo. Bonyeza mfupa wa mbele wa mguu kwa kidole gumba sekunde tano, shimo likibaki andika. Presha tunaitaka chini ya 130/80. Kila akienda kliniki mkojo upimwe hata kama anajisikia vizuri. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni akitoka awe na mwamvuli, mikono mirefu na losheni ya jua ya kiwango cha 30 au zaidi, ajipake tena kila baada ya saa mbili. Jua huua seli za ngozi, na hayo mabaki ndiyo kinga yake inayoyasubiri. Krimu za kung'arisha ziondoke kabisa chumbani.

Kuhusu zile chupa mbili, msigombane na shangazi na wala msizimwage. Dawa zisizo na lebo zimewahi kukutwa zimechanganywa steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, au dawa za maumivu, na kuna mimea ya kuchochea kinga kama ekinasia inayojulikana kuamsha lupasi. Zifungeni kwenye mfuko mmoja, mziandike tarehe aliyoanza na vijiko alivyokunywa kwa siku, mzipeleke kwa daktari pamoja na daftari.